Mfuko wa Suruali ya Kwaya

Mlango wa chumba changu cha ushonaji, hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, haujapakwa rangi tangu baba yangu alipofariki. Upande wake wa ndani ndipo ninapoandika vipimo vya wateja kwa chaki, kama alivyokuwa akifanya yeye: kiuno, nyonga, paja, urefu. Daftari panya wanalila na mvua inalilowesha, lakini mlango hauendi popote. Majina siandiki. Kila mtu namchorea alama yake. Mwenye duka la baiskeli ana gurudumu, mwalimu wa madrasa ana kibao cha kuandikia. Suruali ikichukuliwa vipimo havifutwi, maana mteja mzuri hurudi. Kanuni ya baba ilikuwa kwamba mtu anafutwa akifa, basi.

Cherehani niliirithi mimi kwa sababu kaka zangu waliona kushona ni kazi ya kukaa tu. Maneno yalikuwa mengi. Mwanamke ashone suruali za wanaume, tena kwenye mtaa ambao watu wanajuana tangu mababu? Atawapimaje? Niliwapima hivi: mteja alishika futi mwenyewe, akaizungusha kiunoni, akabana kwa vidole pale inapokutana, akanipa, nami nikasoma. Sikumgusa mtu. Wengine walivuta tumbo ndani ili waonekane vijana, na siku ya kuchukua suruali ilipogoma kufunga wakaniambia sijui kazi.

Kuna jambo jingine nililorithi kwa baba, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Mfuko wa suruali hushonwa kwa kitambaa kingine, chepesi, kinachokaa kwa ndani. Mafundi wa mjini walinunua kitambaa cheupe maalumu. Baba hakununua. Alitumia vipande vilivyobaki kwenye nguo za harusi, kwa sababu sisi wa Buyenzi harusi zetu ni za sare: akina mama wote wa upande wa bibi harusi wanavaa kitambaa kimoja, na kwenye sare za wanawake arobaini vipande havikosi. Kwa hiyo nusu ya wanaume wa mtaa walitembea na harusi za watu mifukoni. Wenyewe walijua na walicheka. Mtu alikuwa anaweza kugeuza mfuko wake nje barazani akasema, "Hii ni harusi ya binti ya mwenye lori," na wenzake wakakubali kwamba ndiyo.

Mwaka wa tisini na tatu, kabla ya uchaguzi, nchi nzima ilivaa siasa. Kila chama kilikuwa na kitambaa chake, wimbo wake, namna yake ya kuinua mkono na namna yake ya kutikisa mabega. Ukimsalimu mtu kwa mkono usio wake, alikununia mpaka jioni. Mitaa yote ilikuwa inacheza. Sisi wanawake wa Buyenzi, ambao kazi yetu ilikuwa kuwaimbia maharusi, tukawa bidhaa adimu.

Siku moja gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba ya shangazi yangu, dada ya baba, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi chetu cha kuimba harusini. Aliyeshuka alikuwa bibi mmoja kutoka Kiriri, kule mlimani kwenye nyumba zenye bustani, mke wa mkubwa fulani wa chama. Aliinua pindo la nguo yake ili lisiguse vumbi letu. Dereva alishusha majora ya kitambaa cha buluu chenye vibuyu vidogo vyeupe, alama ya chama chao. Shangazi akaletewa soda, akaombwa aimbe.

Aliimba wimbo wa mlango. Kwetu bwana harusi akifika kwa kina bibi harusi anakuta mlango umefungwa, na wanawake wanaimba kwa ndani mpaka waridhike ndipo wafungue. Shangazi aliutunga mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mama yangu: amekuja, amekuja, fungueni mlango, aliyengojwa na wote, fungueni mlango.

Bibi wa Kiriri alipiga makofi. "Ndiyo huo! Huo huo! Mutoe tu bwana harusi, mutie kiongozi wetu."

"Hivyo tu?" shangazi akauliza.

"Hivyo tu, maman. Wimbo uko muzuri, haina haja ya kuharibu."

Nasema wazi: nilifurahi. Sitaki leo nijifanye nilikuwa na hekima. Nilishona sare za buluu wiki mbili mfululizo, mguu wangu ukavimba kwa kukanyaga cherehani, na siku ya mkutano nilicheza mpaka kilemba kikafunguka. Tulikuwa mstari mmoja wa buluu, tukiyumba pamoja, na watu wazima walikuwa wakilia. Tulifikiri tunafungua mlango kweli. Chama cha upande wa pili kilikodi kikundi cha wanawake wa avenue nyingine, mtaa wetu huu huu, nao wakachukua sauti ile ile ya shangazi, wakatia kiongozi wao. Shangazi alikasirika siku mbili kisha akasema basi, wimbo mzuri huibiwa.

Vipande vya buluu vilijaa gunia. Mimi nikafanya kile ambacho baba angefanya.

Katika suruali nilizoshona miezi ile ilikuwapo moja ya tetroni nyeusi, ya Mkongo mmoja, Mzairwa kama tulivyosema siku zile, aliyekuwa akiishi mtaa wa Mutakura na kuuza viatu vya mitumba kwa kutembea navyo begani. Aliitaka kwa ajili ya kwaya ya kanisa lake. Hata nilipokuwa nasoma futi alikuwa anaimba kwa pua. Kwenye mlango nilimchorea mdomo uliofunguka.

"Na wewe chama chako ni kipi?" nilimtania. "Mbona hatukuoni ukicheza?"

"Mi niko Muzairwa, mama fundi. Politike yenu inanihusu nini? Mi naimbia Mungu peke."

"Mungu naye ana sare?"

"Ndiyo hii unanishonea."

Alilipa, akachukua suruali yake, akaenda. Ndani ya mifuko yake miwili vibuyu vyeupe vilikuwa vimetulia.

Kisha ikaja Oktoba. Rais aliyechaguliwa, yule wa buluu yetu, akauawa, redio ikanyamaza, na ile buluu yetu ikageuka ndani ya siku moja kuwa kitu cha kukufanya ufe. Nilinusa Buyenzi nzima ikichoma nguo. Kitambaa cha chama kilikuwa kizito na rangi yake ilikuwa mbaya, moshi wake ulikaba koo. Waliokuwa na kuni chache walizika. Mmoja alizamisha sare yake ndani ya choo. Shangazi aliichana yake vipande akaviloweka kwenye maji ya masizi, akawa anafutia sufuria. Bibi wa Kiriri alikuwa ameshapanda ndege. Dereva wake alituambia kwamba nyumba imefungwa kwa kufuli tatu, na kwamba madame alisahau mbwa.

Nilichoma yangu nikaona nimemaliza. Gunia la vipande nalo nilichoma. Ndugu msomaji, fundi anayesahau alichokishona ni fundi gani? Lakini nilisahau. Hofu ilinijaza kichwa, na ile mifuko sikuihesabu kuwa nguo za chama. Niliihesabu kuwa mifuko.

Mitaa ikagawanyika polepole, halafu haraka. Huku wakawa wa upande huu, kule wakawa wa upande ule, na waliokuwa wamechanganyika wakahamishwa kwa mapanga na mabomu ya mkono. Kila upande ukaweka vijana wake barabarani wenye magogo na mawe ya kufungia njia. Nao walikuwa na sare: raba nyeupe, kofia zilizogeuzwa, kitambaa kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi walikimbia kwa vikundi mtaani wakiimba na kupiga miguu chini, na watoto wadogo wakawafuata kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu. Nilipousikia mara ya kwanza nikiwa nimejifungia ndani, niliweka mkasi chini. Ilikuwa sauti ile ile ya mlango. Waliiongezea mwendo tu, na maneno yake sitayaandika hapa.

Siku moja kabla ya adhuhuri mwenye duka la baiskeli aliingia kwangu bila hodi. Mdomo wake ulikuwa umevimba na meno mawili ya mbele hayakuwapo. Alikuwa amevaa kikoi, na suruali ameibeba mkononi. Aliitupa juu ya cherehani.

"We mutoto wa fundi, ulinitilia nini mu mufuko?"

Nikaigeuza. Vibuyu.

Vijana wa gogo walimsimamisha karibu na daraja wakamwambia ageuze mifuko, wakitafuta pesa. Hakuwa na pesa. Alikuwa na chama. Wangemmaliza pale pale kama jipi la wanajeshi lisingepita na kuwatawanya.

"Mi nimekukosea nini?" aliniuliza, na alikuwa analia, mtu mzima wa umri wa baba yangu. "Ungenichukia ungeniambia."

Aliondoka, nikabaki nimesimama mbele ya mlango wangu, nikisoma chaki. Gurudumu, kibao, ndoo, sindano ya daktari, ndizi, kengele, mdomo. Wanaume saba walikuwa wakitembea Bujumbura na kifo walichoshonewa na mimi, tena kwa mshono mzuri usioachia.

Nikaanza siku ile ile. Mwalimu wa madrasa nilimkuta akijiandaa kwenda kusali. Alikuwa amevaa suruali yenyewe chini ya kanzu. Nilipomweleza alisema kwamba kumbe wiki nzima amekuwa akisalisha watu akiwa amebeba mkutano wa hadhara mapajani. Alicheka, akavua nyuma ya pazia, akanirushia. Mchota maji, muuguzi, muuza ndizi na mpiga kengele wa shule walikuwa karibu, na kwa siku tatu nilikuwa nimewamaliza. Kila mmoja nilimfumulia mifuko, nikamtilia mipya ya gunia la unga lililofuliwa, nikarudi kuchora mstari chini ya alama yake. Ukabaki mdomo mmoja.

Mutakura si mbali. Siku za kawaida ningepanda basi nikiwa nakula karanga na zisingekwisha. Lakini ule mwaka kwenda Mutakura kulikuwa ni kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa mikononi mwa watoto wenye panga. Shangazi alinikataza. Alisema Mkongo huyo labda amekwisha kurudi kwao. Alisema labda suruali imeshachakaa. Alisema kila kitu isipokuwa kwamba yeye ndiye aliyepokea yale majora.

"Shangazi, mutu atakufa."

"Wako wengi wanakufa. Hao wengine ulishona weye?"

"Apana. Huyu ndo nilishona."

Nilikwenda asubuhi, siku ambayo mabasi yalitembea. Nilijifunga mtandio wangu wa kila siku, nikatia kikapuni sombe, majani ya muhogo, juu, na chini yake sindano, wembe, uzi mweusi na kipande cha gunia la unga. Basi lilituacha kabla ya mtaa, dereva hakutaka kuendelea. Pale kwenye gogo walikuwapo sita. Mmoja alivaa koti la mvua la kike, la waridi, na hakuna aliyemcheka. Waliniuliza kwa Kirundi natoka wapi. Buyenzi, nikasema, Mwislamu, napeleka mboga. Waislamu wa Buyenzi tulikuwa hatueleweki, hatukuhesabiwa sawasawa huku wala kule, na hilo lilituponya wengi.

Mwenye koti la waridi alisema, "Basi imba."

Nilijua alichotaka. Kila gogo lilikuwa na wimbo wake, na asiyejua maneno ndiye aliyetafutwa. Nikaimba. Niliimba wimbo wa shangazi yangu, wimbo wa harusi ya mama yangu, kwa maneno yao machafu niliyokuwa nikiyasikia dirishani kila asubuhi. Waliniambia nicheze pia, nikacheza, kikapu kichwani, wembe ndani yake. Walipiga makofi. Mmoja alinisahihisha neno moja kwa upole, kama mwalimu. Nikapita. Nilipofika mbali nao nilitema mate chini, na nilitamani kujitemea mwenyewe.

Nyumba yake nilionyeshwa na muuza mkaa. Nilimkuta uani akifunga viatu jozi jozi kwa kamba, amevaa suruali ile ile. Mkewe alikuwa anachochea maharagwe kwenye imbabura, lile jiko la mkaa, mtoto mgongoni.

"Mama fundi! Umekuya kunidai nini?"

"Vua suruali," nikasema.

Mkewe akacheka. Nikamweleza yeye, maana mwanamume alikuwa bado anatania. Nilipomaliza, mume aligeuza mfuko mmoja, akatazama vibuyu, akaurudisha ndani taratibu.

"Najua iko hapa," alisema. "Haiko siri kwangu. Kwaya yetu ilikufa, waimbaji waligawana, kila mutu na upande wake. Ndo maana nafanya nayo kazi. Juzi nilipeleka viatu kule juu, mu mutaa wa wale wengine. Wakanisimamisha. Wakasema, geuza mifuko. Nikajua nimekufa. Wakaona hii. Mama fundi, wakanikumbatia! Wakaniita wetu. Tukacheza pamoja, wakanunua jozi mbili. Na wewe unataka kunikatia?"

"Na hapa je? Hawa wa gogo la hapa wakikuambia ugeuze?"

"Hawa ni majirani. Wanavaa viatu vyangu. Hawanipekuagi."

"Leo. Kesho je? Mtu mmoja kule kwetu amebaki bila meno."

"Kila gogo, kila bariere, na nguo yake," akasema. "Hii ya kule inanifungulia. Ile ya hapa naimba tu."

Tulibishana mpaka maharagwe yakaanza kuungua. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu niliiita huruma. Nilitaka kumaliza, nichore mstari wangu wa mwisho mlangoni, nilale. Mwisho ni mkewe aliyekata shauri.

"Vua," alimwambia. "Huyu dada ameacha kwao, amepita pale kwa wale watoto, kwa sababu yako. Vua."

Akajifunga kitenge cha mkewe, akakaa juu ya ndoo na viatu vyake, akaimba kwa pua wakati nafumua. Nilikuwa fundi hodari, mshono ulinipa taabu. Nilitoa mifuko yote miwili, nikamshonea ya gunia la unga, myeupe, safi, haina neno lolote. Sikuweza kurudi na vile vipande kikapuni. Mkewe alivichukua akavisukuma ndani ya imbabura, chini ya maharagwe, moshi ule niliokuwa nikiujua ukapanda.

"Bon," mume alisema. "Lesepase yangu ya kupitia kule juu inawaka moto."

Tulicheka wote watatu. Mkewe akanipakulia maharagwe nikala.

Nilirudi Buyenzi mchana, nikachora mstari chini ya mdomo. Usiku ule nililala. Nakumbuka kwa sababu ulikuwa wa kwanza kwa muda mrefu, na kwa miaka mingi nimeuonea aibu usingizi huo.

Mkewe alikuja baada ya wiki chache, kwa miguu, mtoto mgongoni na wa pili anamshika mkono. Alikuwa njiani kwenda Uvira, kwao. Nilimpa kiti na maji. Hakulia. Alisimulia akiwa anatazama cherehani, si mimi.

"Alipeleka viatu kule juu tena. Mwenzake alikimbia, ndo amenisimulia. Walimukumbuka. Wakasema, we si ule mutu wetu wa mufuko? Geuza, uonyeshe huyu mukubwa wetu, hajakuona. Wakacheka, na yeye akacheka. Akageuza. Ikawa nyeupe." Alimfuta mtoto pua. "Wakasema ameuza. Ameenda kwa wale wengine. Aliwaimbia, aliimba ile ya kwao, yote, mpaka mwisho. Wakasema, mudomo kila mutu iko nao."

"Ni mimi," nikasema. "Mama, ni mimi niliyemuua."

"Najua ni wewe," alijibu. "Na mi ndo nilimuambia avue. Mi ndo nilichoma."

Alikunywa maji yake akamaliza, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akasema we ulikuya kwa wema, mama fundi. Angenipiga ningeshukuru. Nilimsindikiza mpaka kwenye magari ya kwenda mpakani, nikanunulia watoto mkate, na sikumwona tena mpaka leo.

Niliporudi nilichukua kitambaa cha kufutia chaki. Nilisimama nacho mbele ya mlango. Sikufuta.

Vita viliendelea miaka mingi baada ya hapo, watu wakazeeka ndani yake, na mwaka wa elfu mbili na tano tukapiga kura tena. Nilikuwa nashona sare za shule wakati gari liliposimama nje. Lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Bibi wa Kiriri alikuwa amenenepa kidogo, nywele za Ulaya, na pindo aliliinua vile vile. Mumewe sasa alikuwa kwenye chama kingine. Kitambaa kilikuwa kingine, cha zambarau, na chapa nyingine.

"Maman yule muimbaji bado yuko? Ule wimbo wa mulango! Kule nje niliusikia mu kichwa kila siku. Wimbo ule ule, mubadilishe tu jina."

Shangazi wakati huo alikuwa haoni kwa jicho moja na magoti yalimkataa. Alikuwa amepoteza mtoto wa kiume kwenye vita vile vile. Nikajua atamfukuza, nikangojea kwa hamu. Shangazi aliomba soda, akanywa nusu, akaimba. Nililia kwa hasira palepale, mbele ya mgeni. Baadaye nilimuuliza, tena kwa ukali ambao sikupaswa kumtolea mtu wa umri wake: vipi, shangazi, baada ya yote? Akaniambia wimbo ni wake, hajui mwingine, na watu wanataka kula.

Na mimi nilishona. Msidhani nilimrudishia majora yake nikafunga mlango. Nilikuwa na watoto, nilishona sare zote za zambarau, pindo zimenyooka. Ila vipande nilivikusanya vyote, hata vya upana wa kidole, nikavitia guniani, na siku alipokuja kuchukua kazi nikamwekea gunia miguuni.

"Hivi vya nini?"

"Vya kwako, madame. Vimebaki."

"Mi nitavifanyia nini?" Alicheka, cheko zuri kabisa, halina ubaya. "Weye ni fundi. Jishonee hata mifuko."

Nikamweleza. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nimeshika futi shingoni. Mkongo, kwaya, vibuyu, gunia la unga. Alisikiliza mpaka mwisho, na macho yake yakalowa kweli, siwezi kumsingizia. "Pole sana, dada," alisema. "Ulikuwa wakati mubaya." Kisha akamwita dereva abebe sare, maana mkutano ulikuwa kesho yake. Gunia alisahau, nikalichoma mwenyewe.

Siku hizi mifuko nashona kwa kitambaa cheupe cha dukani, kama mafundi wa mjini. Wazee wanaokumbuka utani wa zamani wanageuza mifuko wanaona weupe mtupu, wanasema binti amekuwa na maringo. Nawaacha waseme.

Mdomo bado uko pale mlangoni, na mstari wake chini. Chaki hufifia, kwa hiyo kila inapoanza kupotea naipitia upya: kiuno themanini na mbili, paja sitini, urefu mia moja na tatu. Watu wakiniuliza kwa nini sipaki mlango rangi, nawaambia rangi imepanda bei.